Gari ya zamani yenye chesisi mpya, bodi nyingine na injini nyingine, bado ni ile ile?

Spana_Kumi
Wakuu habari zenu, naomba tujadili hili maana linaninyima usingizi. Kuna Land Rover Series IIA ya 1967 naifukuzia, muuzaji anaitangaza "orijino kabisa". Nimeingia uvunguni nimeikagua, chesisi ni mpya, zile za kuchovya zinki, bado inang'aa. Injini sio ile ya petroli ya 2.25 iliyotoka nayo kiwandani, wamefunga 200Tdi, ile ya dizeli ya Land Rover Discovery. Bodi ya nyuma nayo imetoka kwenye gari nyingine, ukifungua mlango kwenye kona ambayo brashi haikufika unaona rangi nyeupe kwa chini na hii gari kwa makaratasi ilizaliwa ya kijani. Kilichobaki cha tangu mwanzo ni giaboksi, ekseli zote mbili, ule ukuta wa chuma unaotenga injini na kabini, pamoja na kibati cha namba ya chesisi. Gari nimeipenda kwa kweli, ila nataka kujua nanunua nini. Hiyo ni gari ya 1967 au ni gari mpya iliyopewa jina la marehemu?

BlokiNzima
Mkuu mi ntakwambia wazi, hiyo sio orijino na asikudanganye mtu. Kwenye magari ya kale kinachoangaliwa ni namba, injini iliyopo iwe ndo ile ile iliyofungwa kiwandani na namba zisome pamoja na chesisi. Angalia wenzetu wa Corvette, zile gari za spoti za Marekani, wanavyokagua. Kwenye zile V8 ndogo, mbele ya silinda hedi ya kulia kuna kipande cha bloki kilicho bapa ndo kimegongwa namba, na mkaguzi mzuri hasomi namba tu, anaangalia ile mistari myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwandani ilipokuwa inasawazisha uso wa bloki. Mtu akisaga namba ya zamani agonge yake, mistari ile inapotea au inakaa upande usio wake, sasa hapo hata herufi ziwe nzuri vipi ushajua. Alafu kuna tarehe ya kumimina bloki, ipo kwenye chuma chenyewe, kama bloki imemiminwa baada ya gari kutoka kiwandani basi hiyo injini haikuzaliwa humo, hakuna mjadala. Watu wanafanya kazi yote hii kwa sababu injini ya kuzaliwa nayo inabeba sehemu kubwa ya thamani. Sasa we unaletewa gari haina chesisi yake, haina injini yake, haina bodi yake, unaambiwa orijino. Achana nayo.

Fundi_wa_Usiku
BlokiNzima nakuheshimu ila hapo umeichukua sheria ya Corvette umeipeleka kwa Land Rover, haviendani. Land Rover ilitengenezwa ifunguliwe, bodi ya aluminiamu imefungwa kwa bolti juu ya chesisi ya chuma, chuma kinaoza aluminiamu inabaki. Kubadili chesisi kwa gari hizi ni matengenezo, kama vile kubadili springi.

Na hili swali lilishafika mahakamani Uingereza. Kuna gari ya mashindano, Bentley Speed Six inaitwa Old Number One, ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa 1929 ikarudi ikashinda tena 1930. Baada ya hapo ikabadilishwa vitu kila msimu wa mashindano, 1932 ikapata ajali mbaya kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands, Uingereza, ikiwa na injini ya lita 8 na dereva Clive Dunfee akafariki, kisha ikajengwa upya na kuvalishwa bodi ya kufunikwa. Miaka mingi baadaye mwenye gari akaingia mkataba wa kuiuza kwa pauni milioni 10, mnunuzi akagoma akasema hii sio gari iliyoshinda Le Mans maana vyuma vya 1929 vilivyobaki ni vichache mno. Kesi ikaamuliwa 1990 na jaji Otton, na alichofanya ni kutenganisha maneno. Kusema ni orijino kwa maana ya vyuma vile vile, hapana. Ila ni Old Number One halisi, ndiyo, kwa sababu haikuwahi kukatika, kila mabadiliko yalifanyika kwenye gari ile ile iliyoendelea kuwepo na kujulikana kwa jina lile lile. Mnunuzi akashindwa.

Kwahiyo Spana_Kumi usiulize vyuma vingapi vimebaki. Uliza kama kuna siku hii gari ilikufa, ikabaki kibati kwenye droo ya mtu, alafu kikajengewa gari kukizunguka. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa hata kama ukiyaweka pamoja huoni tofauti kwa macho.

Afu kuna utaratibu wa pointi walioutumia Uingereza kwa miaka mingi kuamua kama gari iliyojengwa upya inabaki na usajili wake. Chesisi pointi 5, iwe ya kwake au mpya ya aina ile ile yenye risiti, mfumo wa springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, stelingi 2, injini 1 tu! Ilitakiwa ifike 8. Bodi kwenye gari yenye chesisi haimo hata kwenye hesabu. Ya kwako, kama chesisi ina risiti, ukijumlisha na ekseli na giaboksi ni 9 tayari.

BlokiNzima
Nimekuelewa kuhusu Bentley, lakini hizo pointi ni za usajili, hazisemi gari ni orijino. Na kwa gari ambayo bodi ndo chesisi yenyewe, mfano MGB, ile gari ndogo ya spoti ya Uingereza, kampuni ya British Motor Heritage wanauza bodi nzima mpya tangu 1988, ukihamishia injini na viti humo unabaki na nini cha zamani? Narudia, tatizo langu ni lile neno kwenye tangazo.

Kutu_ni_Ushahidi
Jamani kuna swali hamjamuuliza, chesisi ya zamani iko wapi? Hili ndo la hatari kuliko yote. Chesisi ikitupwa nyuma ya gereji, mtu anaiokota, anachomelea palipooza, namba bado inasomeka, anaijengea gari. Kesho kuna magari mawili yenye namba moja na kila mmoja ana makaratasi yake. Kwa magari ya gharama kubwa limeshatokea sana, chesisi imeenda huku, injini na bodi kule, na kila upande unadai ndo wenyewe. Series IIA namba inagongwa kwenye pembe ya chesisi mbele kulia, karibu na springi inaposhikiliwa, kaangalie hiyo mpya imegongwa nini na nani kagonga.

Na usisafishe kila kitu ukishainunua. Ile rangi nyeupe kwenye kona iache, inaeleza bodi ilikotoka. Kuna Bugatti Brescia ya 1925 ilikaa chini ya ziwa Maggiore miaka na miaka, ikatolewa 2009, ubavu mmoja umeliwa kabisa, na aliyeinunua akaiacha hivyo hivyo. Alifanya la maana sana kwa maoni yangu.

Spana_Kumi
Wakuu mmenifungua. Nimempigia muuzaji sasa hivi, risiti ya chesisi anayo, picha za wakati inafunguliwa anazo pia na gari ilikuwa inatembea mpaka siku hiyo, ila chesisi ya zamani anasema "iliuzwa chuma chakavu" na hana karatasi. Nimemwambia aulize aliyeichukua kama iliyeyushwa au iliuzwa nzima, na kwenye tangazo atoe orijino aandike vilivyobadilishwa kimoja kimoja. La pili kakubali. La kwanza ananipa jibu Jumamosi, sitoi hela kabla ya hapo.