Mabegi ya watu wanne, Mokowe hadi Naivasha: nipange vipi?

BintiMkomani

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mwezi wa nane shule zikifungwa tunakwenda bara kupumzika: mimi, mume wangu, msichana wa miaka 7 na mvulana wa miaka 3. Tunatoka Lamu, tunaondoka Mokowe na basi la alfajiri, tunalala Mombasa, Kisauni kwa shangazi, kisha treni ya mchana kutoka stesheni ya Miritini. Nairobi tutakaa kwa kaka yangu siku nne, halafu Naivasha siku tatu, watoto wakaone viboko na twiga.

Nimetoa lile sanduku letu kubwa gumu la magurudumu. Masweta ya watu wanne na koti la mume wangu tu, nusu limejaa! Bado viatu, bado kanzu yake ya Ijumaa, bado mablanketi mawili ambayo mamangu hataki kusikia nikiyaacha. Na zawadi: chupa za achari ya maembe, ng'onda (samaki mkavu), na mbuzi mpya ya kukunia nazi aliyoniagiza wifi yangu.

Nguo nizikunje au niziviringishe? Au ninunue sanduku la pili? Mume wangu atakuwa na mtoto begani muda mwingi, kwa hiyo mzigo ni wangu.

MamaLesoLangoni

Waalaikum salaam mwanangu. Mimi nauza leso na madira. Mzigo naufuata mwenyewe Mombasa, Biashara Street, nauleta Amu, yaani Lamu, kwa basi na boti, kwa hiyo njia yako naijua na nguo nazijua. Nisome pole pole.

Hilo sanduku gumu lirudishe uvunguni. Magurudumu yatakufaa stesheni ya Miritini na ya Syokimau, Nairobi, basi. Kutoka kwako Mkomani hadi gatini ni mawe, ngazi na mitaro, utalibeba tu. Na sanduku lenyewe tupu lina kilo zake kabla hujatia hata soksi. Tafuta mabegi mawili ya kitambaa, ya kati, ukubwa mmoja. Kila moja uweze kulinyanyua kwa mkono mmoja, wa pili umemshika binti yako. Usikisie uzito kwa macho: nenda sokoni kwa wauza samaki, waombe ile mizani ya kuning'iniza, ning'iniza begi. Likipita kilo 12, kuna kitu cha kutoa.

Sasa nguo. Kabla ya kuuliza kukunja au kuviringisha, tandaza vyote kitandani, kila mtu na fungu lake, ukague. Jinzi toa. Agosti Nairobi ni mawingu na baridi, jinzi ikifuliwa inaning'inia siku mbili haijakauka, na uzito wake unaujua. Dera, fulana za pamba na suruali nyepesi zikifuliwa jioni asubuhi zinavaliwa. Kwa kaka yako kuna kamba ya nguo na sabuni, kwa hiyo nguo za siku nne zinatosha safari nzima. Na baridi haizuiliwi na vazi moja nene. Fulana mbili nyembamba, moja juu ya nyingine, na sweta juu, mtoto anapata joto kuliko koti, maana joto la mwili linabaki katikati ya nguo. Jua likitoka mchana unamvua moja moja.

Kukunja na kuviringisha, vyote, kwa kutazama kitambaa. Dera, fulana, nguo za watoto, viringisha. Anza upindo wa chini kwenda shingoni, ukikaza kila mzunguko kwa kiganja. Sweta linakula nafasi kwa sababu limejaa hewa. Lilaze, kunja mikono ndani, ligandamize kwa mkono mzima kuanzia kiwiko, viringisha, funga kwa ukanda wa kitambaa lisifumuke. Kanzu usiiviringishe peke yake. Ifuate mishono yake ilivyo, itandaze juu ya begi, katikati weka mafungu laini ya nguo za watoto, halafu kunja pindo zake juu yao. Kanzu ikikunjwa juu ya kitu laini haishiki alama kali, na Ijumaa haitahitaji pasi ndefu.

Viatu vikae ubavuni mwa begi, kisigino cha kimoja kwenye ncha ya kingine, na soksi ndani yake. Vilivyo vizito mvivae njiani. Koti la mume wangu na alivae yeye, au alikunje awe nalo mkononi. *Samahani, koti la mume wako.*

Nguo za watoto zipange kwa siku. Gauni, fulana, chupi, soksi, vyote vya siku moja viringisha pamoja fungu moja. Asubuhi unatoa fungu, hufukui begi. Na usitie nguo za watoto zote begi moja na za wakubwa begi jingine. Gawanya. Begi moja likichelewa au likilowa, kila mtu bado ana cha kuvaa.

Mablanketi acha, mwambie mama nimesema mimi. Chukua leso, jozi mbili. Leso ni taulo, ni shuka, ni ya kuswalia, ni pazia mtoto akibadilishwa, ni ya kumfunika kwenye treni maana ubaridi wa mashine mle ndani ni mkali. Hakuna kitu unachoweza kutia kwenye begi kinachofanya kazi nyingi hivyo kwa uzito mdogo hivyo. Sisemi kwa kuwa naziuza.

Zawadi zote ndani ya ndoo yenye kifuniko, mbali na nguo. Achari ina mafuta, na mafuta ya achari hayatoki kwenye kanzu nyeupe. Chupa uziviringishe kwa gazeti, uzikaze zisigongane. Ng'onda ianike tena juani ikauke kabisa, uifunge kwa karatasi ngumu tabaka mbili. Mifuko ya plastiki usiitafute, imepigwa marufuku tangu 2017.

NahodhaWaMkondo

Bi Leso kasema kweli. Mimi naongeza la kwetu baharini. Binti yangu, mabegi mawili yaliyo sawa yana faida nyingine: ukimkodi punda kutoka nyumbani hadi gatini, shogi lake la kubebea mizigo lina pande mbili. Begi huku, begi huku, mnyama anakwenda sawa bila kuumia. Sanduku moja kubwa anafungiwa juu ya mgongo, linayumba kila kona ya kichochoro, na punda ndiye anayeteseka. Mimi hilo silipendi kabisa.

Agosti ni upepo wa kusi. Kuvuka Mokowe asubuhi upepo ukiamka maji yanaruka hadi ndani. Begi la kitambaa linakunywa maji, kwa hiyo kata kipande cha turubai, kitandike ndani upande wa chini kabla ya kupanga nguo. Vitambulisho, simu na dawa za watoto ziwe kwenye mkoba wa kifuani, si kwenye begi. Barabarani kuna vizuizi vya usalama, kitambulisho kinaombwa, na begi wakati huo liko chini kwenye buti ya basi.

MwamuNairobi

Mimi naishi South B. Mnambebesha bure dada yetu. Masweta yote yaache Lamu! Hapa Toi au Gikomba kuna mitumba ya masweta na majaketi mazuri kwa bei ya chini, mtanunua mkifika. Njooni na mabegi mepesi.

Naivasha ni juu, karibu mita 1,900, usiku ni baridi kuliko hapa. Kama mtaingia hifadhi ya Hell's Gate kila mtu awe na raba, ndala hazifai kwenye mawe na vumbi. Mbuzi ya nazi nayo isahau. Miritini mizigo inapita kwenye mashine, na kabla ya hapo inapangwa chini mbwa wainuse. Vitu vyenye makali haviruhusiwi kwenye treni.

MamaLesoLangoni

Kaka wa South B, la mitumba ni zuri kwa majaketi ya Naivasha, nakubaliana. Lakini treni ya mchana inafika Syokimau usiku. Watoto wa Amu wanashuka pale na fulana, soko limefungwa, nao hawajawahi kuona baridi ile. Sweta moja kwa kila mtu litoke Lamu, na lisiwe ndani ya begi. Liwe juu kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na soksi na kofia ya mdogo. Mengine wanunue.

BintiMkomani

Shukran sana, Bi, na Ami Nahodha, na kaka. Nimefanya jana usiku baada ya watoto kulala. Mabegi nimeazima mawili kwa dadangu. Leo nimeyapeleka sokoni kwenye mizani: moja kilo 11, la pili 13 na kitu. Nimetoa jinzi ya mume wangu (amenuna kidogo) na viatu vyangu vya pili, sasa yako sawa. Mablanketi mama amekubali baada ya kumsomea maneno ya Bi Leso.

Wifi nimempigia, mbuzi yake ya nazi atapelekewa na mtu anayekwenda kwa basi moja kwa moja. Swali moja limebaki: kurudi, masweta ya mitumba nitayatia wapi?

MamaLesoLangoni

Kwenye ndoo, mwanangu. Achari na ng'onda zitakuwa zimebaki kwa kaka yako. Ioshe kwa ndimu, ikauke wazi usiku mzima, tandika leso chini ndipo utie masweta. Nguo chafu zikae begi moja, safi begi la pili, ukifika nyumbani unajua lipi linakwenda kwenye karai.