Kitabu cha Access kina kurasa elfu na msimu wa karafuu umekaribia: nikisome vipi?

bintiWete

Asalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa mwenye kuijua Access, ile programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu kwenye majedwali, kwa kuifanyia kazi.

Nashika daftari la shamba la karafuu la familia, huku Wete, Pemba. Mjomba anataka msimu huu hesabu ziingie kwenye kompyuta, maana kila msimu ukimalizika warithi wanakaa barazani na kila mtu ana hesabu yake. Kompyuta ipo, Access 2016 imo. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam ameniletea kitabu kikubwa cha Kiingereza, kurasa elfu na ushei, kilichoandikwa kwa Access 2010. Kila kitu kimo: majedwali, fomu, ripoti, makro, mpaka kuandika programu kwa VBA.

Nakisoma kwa utaratibu tangu ukurasa wa kwanza, na nakipenda. Tabu ni kwamba mifano yote ni ya kampuni za Marekani, wateja na oda zao. Nikitaka kutengeneza jedwali la wachumaji wangu sijui nishike wapi. Tena maneno hayalingani: kitabu kinasema Text na Memo, kompyuta yangu imeandika Short Text na Long Text.

Nikimalize chote ndio nianze kazi? Niruke sura? Au nikiweke kabatini nitafute kozi?

fundi_Mkoani

Waaleikum salaam dada. Usikiweke kabatini, na usikimalize. Kitabu cha namna hiyo kimeandikwa ili mtu aende kwenye jambo analolitaka. Ila zipo sura za kusoma neno kwa neno, kalamu mkononi, nazo ni zile za kupanga majedwali na kuyaunganisha. Hapo usiruke hata mstari. Majedwali yakipangwa vibaya, fomu na ripoti zote zitakuja kukusumbua, na kubomoa wakati data zimeshaingia ni kazi nzito.

Kuhusu toleo, usitie wasiwasi. Short Text ndiyo ile Text, mwisho wake herufi 255. Long Text ndiyo Memo. Majina yalibadilishwa kwenye toleo la 2013. Faili ni ile ile ya accdb iliyoanza na Access 2007. Na kanuni za kupanga majedwali ni kongwe kuliko programu yenyewe: Edgar Codd wa IBM alizitolea msingi mwaka 1970, Access ikatoka 1992. Sura hizo hazichachi.

VBA iache kabisa msimu huu.

kijana_Chake

Kwa nini usitumie Excel tu? Shamba moja, karani mmoja.

bintiWete

Kaka, Excel tunayo ya msimu uliopita. Mchumaji mmoja ameandikwa kwa tahajia tatu, na kina Juma Hamad tunao watatu kijijini. Ukijumlisha malipo kwa jina unapata watu wasiokuwepo, na waliopo wamechanganywa. Haya ni malipo ya watu waliokwea mikarafuu kuchuma, wengine na watoto wao. Sitaki hata mmoja apunjwe kwa sababu ya herufi.

fundi_Mkoani

Umeshajibu. Mpe kila mchumaji namba yake, Access yenyewe itaitoa. Jina liandikwe mara moja tu kwenye jedwali la wachumaji, kwengine kote itumike namba. Kisha unapounganisha majedwali weka alama kwenye kile kisanduku cha kulinda uhusiano (Enforce Referential Integrity), ili programu ikatae malipo ya mtu ambaye hayumo. Excel haikupi ulinzi huo kirahisi.

Namba za simu ziweke kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea. Fedha tumia aina ya Currency, usitumie namba za desimali za kawaida, maana hizo huleta makosa madogo madogo ya makadirio.

MzeeWaKonde

Wanangu, Access siijui ila daftari la karafuu nalijua. Nataka kuuliza jambo. Mchumaji analipwa jioni ile ile kwa pishi, karafuu mbichi. Baadaye zinachambuliwa makonyo, yaani vile vikonyo vyake, zinaanikwa majamvini siku kadhaa, ndipo zinapelekwa kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na kupimwa kwa kilo, tena kwa daraja. Pale jamvini za huyu na za yule zimeshachanganyika. Hiyo mashine itajuaje kilo hizi zimetoka pishi zipi? Ugomvi wa barazani wote unaanzia hapo.

fundi_Mkoani

Mzee wangu, shikamoo. Hilo swali ndilo moyo wa kazi nzima, na halimo ndani ya kitabu chochote cha Marekani.

Jibu langu: mashine haitajua, na isilazimishwe kujua. Ukiunganisha mchumaji na kilo za kituoni moja kwa moja utakuwa unaandika uongo. Katikati liwekwe jedwali la mafungu. Fungu ni karafuu zilizoanikwa pamoja, lina namba yake na tarehe ya kuanikwa. Kila mstari wa uchumaji unasema: mchumaji fulani, tarehe, pishi ngapi, fungu gani. Kila mstari wa mauzo unasema: fungu gani, daraja gani, kilo ngapi, bei. Basi unaweza kuuliza fungu hili liliingia pishi ngapi mbichi, likatoa kilo ngapi kavu, na warithi wakaona njia yote. Fungu likiingia pishi nyingi na kilo zikatoka chache kuliko kawaida, mtajua mtafute wapi: mvua, au mkono wa mtu.

Jambo jengine. Malipo ya pishi hupanda na kushuka msimu ukiendelea. Kiwango kiandikwe ndani ya mstari wa uchumaji wa siku ile. Ukikiweka pahala pamoja tu na kukibadilisha, hesabu za nyuma zote zitabadilika nacho.

MzeeWaKonde

Marahaba. Hapo nimekufahamu. Makonyo nayo yana bei, msiyasahau.

ukhty_Kiembesamaki

Bintiwete, mimi nafundisha kompyuta skuli huku Unguja. Wanafunzi wangu nawaambia waandike maswali yao kwanza kwenye karatasi. Wewe maswali yako yanatoka barazani: nani analipwa nini, fungu gani limeuzwa, kila mrithi sehemu yake ni kiasi gani. Kila swali litakupeleka kwenye sura yake.

Na kuna mtego wa tarehe ambao mifano ya Kimarekani haiuoneshi. Ukiandika tarehe ndani ya SQL, ile lugha ya kuiuliza data maswali, kati ya zile alama za reli (#), Access inaanza na mwezi. Sisi tunaandika 7/8 kwa maana ya tarehe saba Agosti, yeye anasoma Julai 8. Ubaya wake, 25/8 ataipokea sawasawa kwa vile mwezi wa 25 haupo, kwa hivyo nusu ya majibu yatakuwa sahihi na hutashtuka. Ukitumia ule ukurasa wa kupanga maswali kwa vibonyezo (Query Design), anafuata mpangilio wa kompyuta yako. Anza na huo.

Nakala ya faili kwenye fleshi kila jioni baada ya kulipa, jamani. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili inaweza kuharibika, na chombo cha kuitengeneza hakiokoi kila kitu.

bintiWete

Allah awalipe nyote. Nimeshachora kwenye karatasi: wachumaji, uchumaji, mafungu, mauzo, na makonyo yamo kwenye mauzo. Nimebakiwa na moja. Siku za wachumaji wengi mdogo wangu hunisaidia, naye ana laptopu yake. Tunaweza kuandika sote wawili kwa wakati mmoja?

fundi_Mkoani

Mnaweza. Faili inagawiwa mbili: majedwali yanakaa kwenye kompyuta moja, kila mmoja anakuwa na faili yake ya fomu, na kompyuta zinaunganishwa kwa waya. Kitabu chako lazima kina sura ya kugawa faili. Msiitie fleshi moja na kubadilishana, mtaishia na daftari mbili tofauti. Lakini kwanza fanyeni wiki nzima kwenye kompyuta moja, yeye akusomee wewe uandike, muone kama majedwali yanabeba kazi ya kweli.

bintiWete

Sawa kaka. Sura ya kuunganisha majedwali naianza upya usiku huu, safari hii na karatasi yangu pembeni.