Siku 11 zimekuwaje miaka 40? Mtoto kanibana darasani

Mwalimu_Tabata
Wakuu, habari za Jumapili. Nafundisha watoto kanisani kwetu huku Tabata, wa miaka 9 hadi 12. Leo tulikuwa na safari ya Waisraeli kutoka Misri. Nimechora ramani ubaoni, Bahari ya Shamu kwa chaki ya bluu, halafu mshale unazungukazunguka jangwani kama konokono. Mtoto mmoja, baba yake ni dereva wa malori ya Zambia, akafungua Kumbukumbu la Torati 1:2. Kutoka Horebu (ndiyo Sinai) hadi Kadesh-barnea, mpakani mwa Kanaani, nchi ya ahadi, ni mwendo wa siku kumi na moja. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa miaka arobaini walikuwa wanakwenda wapi?"

Nikasema walizunguka. "Wapi?" Kengele ya ibada ikaniokoa. Habari ya adhabu naijua, ila hiyo "wapi" sina cha kumwambia Jumapili ijayo.

Semi_la_Tunduma
Dada, mimi kazi yangu na baba yake ni moja. Dar mpaka mpakani na mzigo ni siku mbili, tatu ukichelewa. Lakini kuna safari nimerudi nyumbani wiki ya tano. Mama watoto aliponiuliza nilikuwa wapi, nikamwambia nimepaki.

Fungua kitabu cha Hesabu, sura ya 33, vituo vyote vimeorodheshwa: Ramesesi, Sukothi, Mara kwenye maji machungu, Elimu yenye chemchemi 12 na mitende 70 (hapo hata mimi ningepaki). Kwa hesabu za Wayahudi ni vituo 42. Vituo 42, miaka 40! Hao muda mwingi wamelala.

Babu_Msomaji
Dereva kapatia, ila usigawanye sawasawa. Rashi, yule mfafanuzi wa Kiyahudi wa Ufaransa, karne ya 11, alishapiga hesabu hii. Vituo 14 ni vya mwanzo, kabla ya hukumu ya kufia jangwani. Vingine 8 ni vya mwaka wa 40, baada ya Haruni, kaka yake Musa, kufa mlima Hori. Vinabaki 20, kwa miaka 38. Na hiyo 38 imeandikwa, Kumbukumbu 2:14.

Mwalimu, huyo mtoto mwambie WALIFIKA. Sinai waliondoka mwaka wa pili, Kadesh wakafika, wapelelezi 12 wakaingia Kanaani siku 40, wakarudi na kishada cha zabibu kinabebwa na wanaume wawili kwa mti. Watu wakasikia habari za majitu, wakalia usiku kucha, wakataka kurudi Misri. Kila siku ya upelelezi ikawa mwaka. Wenye miaka 20 kwenda juu wote kufia jangwani, isipokuwa Kalebu na Yoshua. Miaka hiyo yenyewe Biblia inaipita haraka: Kora mwasi anamezwa na ardhi, fimbo ya Haruni inachipua, kisha Hesabu sura ya 20 Miriamu, dada yao Musa na Haruni, anazikwa, Kadesh hapohapo.

Mama_Lishe_Buguruni
Mimi nawaonea huruma kwa chakula. Mana kila asubuhi, pishi moja kwa kichwa, ukilaza inaota mabuu, labda iwe ya kuamkia Sabato. Wameisaga, wameichemsha, wameioka mikate, mana ni ileile. Hesabu 11 wanalilia samaki, matango, matikiti, vitunguu na saumu za Misri. Watu wanawaita wakorofi. Wateja wangu wakikuta maharage siku ya tatu mfululizo wananinunia, na hawajatoka hata utumwani.

Mwalimu_Tabata
Asanteni sana. Huyo konokono nitamfuta. Nitaweka nukta moja kubwa Kadesh, mpakani kabisa mwa Kanaani, niwaulize wao mtu anajisikiaje kuichungulia nchi, halafu arudishwe jangwani miaka 38.

Kaka dereva, wiki tano hizo mlikuwa mnakula nini?

Semi_la_Tunduma
Ugali maharage, dada, tunapika wenyewe chini ya tela. Siku ya kumi nikaanza kuota samaki changu wa kukaanga wa sokoni Feri.