Mrejesho: prosesa imekubali, RAM imegoma

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i7-4770 itaingia kwenye mazabodi (bodi kuu) yangu ya H61 yenye prosesa ya i3-2100. Asanteni mlionizuia: ile i7 ni ya soketi (kikalio cha prosesa) 1150, mazabodi yangu ni 1155, hela ingepotea bure. Nikapata i5-3470 ya mtumba kwa fundi wa Makoroboi. Kuwasha: feni inazunguka, kioo cheusi tii. Kumbe mlishasema nianze kusasisha BIOS, ile programu ya mazabodi inayoitambua prosesa (kichwa kigumu mimi). Nikarudisha i3, nikasasisha BIOS kwa flashi huku naomba umeme wa hapa Mwanza usikatike katikati. Nikafunga tena i5 na pesti mpya ya kupitisha joto, ikawaka! Ila RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya kuongezea haisomi. Nafasi ya pili ya kuchomeka RAM imekufa. Nimebaki na RAM ya GB 4.