Kempa inaenda gereji kesho, vitu vyetu tufanyeje?

Hamza: Shikamooni wakubwa. Kesho saa mbili asubuhi napeleka kempa, lile gari letu la kulala safarini, gereji, wamesema inaweza kukaa hata wiki mbili, kuna breki, kuna sevisi ya injini na pale juu ya kitanda panapovuja. Sa nauliza ninunue makufuli mangapi? Nataka nifunge makabati yote ya ndani na yale ya nje maana vitu vya safari bado vimo humo humo

Mjomba Rashidi: Marahaba. Usinunue hata moja kwanza. Huyo fundi wa kuvuja atafanya kazi wapi?

Hamza: Juu ya paa mjomba

Mjomba Rashidi: Juu ya paa NA ndani. Maji yakiingia kwenye paa yanatembea ndani ya dari afu yanatokea mbali kabisa na tundu lenyewe, kwa hiyo lazima afungue makabati ya juu apapase mbao aone kama zimeoza. Ukiweka kufuli utapigiwa simu uende kufungua, au kazi isimame, au kitasa kivunjwe. Haya, pampu ya maji iko wapi? Betri ya ndani? Fyuzi?

Hamza: Zote chini ya kile kiti kirefu

Neema: Na hapo chini ya kiti ndo kuna drili, begi la kamera na ile kompyuta ya zamani 😳

Mjomba Rashidi: Basi umeona. Mahali ulipopaona pa siri ndo pa kwanza kufunguliwa, na fundi hana kosa, ndiko kazi yake iliko. Kempa sio gari dogo la kuacha na miwani tu kwenye droo, ni chumba cha kulala ambacho mtu wa kazi ana haki ya kufungua kila mlango wake. Kitu kinachokuuma kikipotea kitoke. Kufuli ni kwa ajili ya kile ambacho hakitoki.

Shangazi Mwajuma: Rashidi kasema kweli. Mimi niliibiwa hivohivo. Kabati la nje nilifunga mwenyewe kwa mkono wangu nikavuta nikaona limeshika, nikaacha jenereta ndogo na mabomba na ule waya mrefu wa umeme, nimerudi baada ya siku tisa kabati limefungwa vilevile vizuri hakuna hata mchubuko, nafungua hamna jenereta. Nikaambiwa thibitisha ilikuwemo. Ningethibitisha na nini, sina picha sina risiti sina karatasi, na chini ya ile fomu niliyosaini kumbe imeandikwa gereji haihusiki na mali iliyoachwa ndani ya gari. Bima ya gari nayo wakanijibu inalipa gari na vilivyofungwa humo, vitu vyangu binafsi ni bima nyingine. Nililia jamani. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mpaka leo sijui ni nani, maana kempa ililala nje uwanjani na yeyote angeweza kupita

Neema: Pole sana shangazi, hii hukuwahi kutuambia

Hamza: Pole shangazi. Lakini walifunguaje bila kuvunja?

Shangazi Mwajuma: Kamata ufunguo wako wa makabati ya nje usome maandishi madogo yaliyochapwa kwenye kichwa chake

Hamza: Ngoja

Hamza: CH751

Shangazi Mwajuma: Ndo huohuo. Wangu pia uliandikwa hivyo. Kempa nyingi zilizotengenezwa Marekani makabati yake ya nje yanafunguka kwa ufunguo huo mmoja, na unauzwa waziwazi kama spea. Sio kwamba unafanana na wa jirani, ni WAKE na ni WAKO

Neema: Subiri, yaani miaka yote tunafunga na mtu mwingine ana ufunguo??

Mjomba Rashidi: Ndiyo. Vile vitasa vidogo vyenye ulimi wa bati nyuma viliwekwa ili mlango usifunguke barabarani, mwizi hakufikiriwa sana. Vinabadilishwa, unafungua nati kwa ndani, unapima urefu wa silinda, unaweka chenye ufunguo wake peke yake. Kazi ya dakika chache kwa kila mlango. Lakini Hamza usianze usiku huu, fanya ikirudi. Na hata ukibadilisha ule mlango wenyewe ni mwembamba, bisibisi inaukunja. Leo toa vitu tu.

Hamza: Sawa. Natoa jenereta, drili, kamera, kompyuta, televisheni ile ndogo

Neema: Na baiskeli zilizo nyuma. Na dawa za mama, kwanza zitapata joto humo

Mama: Dawa nishazitoa jana mwanangu. Mmetoa vyakula kwenye friji? Ikizimwa wiki mbili mlango umefungwa itaota ukungu, uacheni wazi kidogo na muweke kitambaa. Na gesi ifungeni kwenye mtungi wenyewe

Hamza: Sawa mama, nafanya sasa hivi

Shangazi Mwajuma: Makaratasi je? Kadi ya gari, bima, ile barua yenye anuani

Mjomba Rashidi: Hapo shangazi yenu kagusa penyewe. Watu wanahangaika na televisheni wanasahau karatasi. Hamza, ile ramani ya kwenye dashibodi umeandika "nyumbani"? Futa. Mtu akiwa na kempa yako ana anuani yako, na kama rimoti ya geti imening'inia kwenye kioo basi ana na geti, na anajua huna safari wala gari wiki nzima. Na pale kaunta usikabidhi fungu lote. Toa ufunguo wa kuwashia na wa mlango wa kuingilia, na wa makabati yale anayohitaji kufika. Wa nyumba ubaki na wewe. Ile spea mliyoficha chini ya godoro itoke pia

Hamza: Mjomba umejuaje ipo chini ya godoro 😳

Mjomba Rashidi: Wengi wanaiweka hapo.

Neema: Mi nawaza kuweka ile AirTag ya begi langu humo ndani, kile kidude kinachoonyesha kwenye simu kitu kiko wapi, tujue kempa ilipo

Mjomba Rashidi: Weka, ila waambie. Fundi akienda kuijaribu barabarani simu yake inaweza kumwambia kuna kifaa cha mtu mwingine kinatembea naye, atashtuka bure. Angalia na betri yake, kile kidonge cha CR2032 kinakaa kama mwaka hivi. Kamera za ndani sizipendi kwa wakati huu, watakata umeme mara kumi na itakufa. Yenyewe picha. Kila kabati lifungue upige picha likiwa wazi hata kama ni tupu, piga namba zilizoko nyuma ya vile vinavyobaki, piga kilomita na mafuta, zunguka nje pande zote nne na paa ukiweza. Mpe anayepokea nakala ya orodha, aweke sahihi. Hiyo inamlinda hata yeye, kuna mafundi waaminifu wamesingiziwa kwa kitu ambacho mwenyewe alikisahau nyumbani

Shangazi Mwajuma: Na uliza INALALA WAPI. Ndani ya banda au nje. Funguo zinakaa kwenye kabati la kufunga au zinaning'inia ukutani. Kuna kazi wanapeleka kwa fundi mwingine nje ya hapo? Uliza kwa adabu lakini uliza, mimi niliona aibu

Hamza: Vipi vyombo na matandiko? Siwezi kutoa vyote

Mjomba Rashidi: Acha. Makabati wasiyoyahitaji weka zile plastiki za kufungia waya au sili zenye namba, uandike namba. Haizuii mtu, ila ikikatwa utajua. Na ukienda kuchukua, fungua makabati KABLA hujasaini

---

Hamza: Habari za asubuhi. Nimekabidhi. Jana tumemaliza saa sita usiku, sebule imejaa hakuna pa kukanyaga. Picha 64, nimezituma kwa Neema pia zikae sehemu mbili. Yule dada wa mapokezi kasoma orodha yote kasaini hata hakununa, kasema usiku inaingia bandani ila mchana itakuwa uwanjani ikisubiri zamu. Ile kazi ya paa wanafanya wenyewe

Mama: Afadhali. Friji?

Hamza: Wazi, na kitambaa. Gesi nimefunga

Shangazi Mwajuma: Rimoti ya geti?

Hamza: Mfukoni shangazi