Vile vipunje vya forosadi vinaitwaje kwa Kiswahili?

Shangazi wa Soni

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mpika jemu ya forosadi hapa Soni, Lushoto. Mti aliniachia marehemu mama, uko nyuma ya jiko, na msimu ukifika vidole vyangu vinageuka zambarau hata kanisani naona haya kutoa mkono.

Juzi binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, alikuwa ananisaidia kuchambua. Akashika forosadi moja, akaigeuza geuza, akaniuliza: "Shangazi, hili ni tunda moja au matunda mengi?" Nikamjibu ni moja, mengi yatoke wapi kwenye kitu cha kumeza mara moja? Akakimbia kuleta daftari. Limeandikwa kila kile kidutu cha mviringo ni tunda kamili, na jina lake ni drupeleti.

Sikubishana na daftari. Ila nataka kuandika karatasi ya kubandika kwenye chupa, na drupeleti siandiki, mteja atadhani nauza dawa ya minyoo. Mama alikuwa akiita vipunje. Kuna neno jingine? Na ni kweli hayo ni matunda?

Kijiti

Kitunda, wingi vitunda. Usiandike "kitunda kidogo", hiyo ki- imeshamaliza kazi ya udogo. Wateja wa Dar wakidhani jemu imetoka Kitunda ya kule Ilala, shauri yako. Na mwandiko uwe makini: kitundu ni cha kuku.

Mwalimu Mstaafu, Moro

Kijiti kasema kweli, lakini kitunda ni neno pana mno. Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na hapa ndipo wanafunzi walipokuwa wanateleza.

Anzeni na embe. Nje nyama, ndani kokwa ngumu, mbegu imo ndani ya kokwa. Tunda la namna hiyo ndilo drupe. Nazi nayo ni ukoo huo huo: makumbi yako mahali pa nyama, kifuu ndicho kokwa, na ile tunayokuna ni mbegu. Drupeleti ni embe lililopunguzwa hadi likawa dogo kama kichwa cha kiberiti, tena haliko peke yake, limebanana na wenzake. Ningekuwa mimi ningeandika "kitunda cha kokwa".

Sasa forosadi ina ujanja wake. Ile si kazi ya ua moja. Ni kishada kizima cha maua madogo, kila ua likatoa kitunda chake. Na ile nyama yenye maji unayopikia jemu, Shangazi, si ya kitunda chenyewe hasa, ni sepali, yaani vile vijani vya nje vya ua, zilizovimba zikakifunika. Kwa hiyo daftari la binti limeazima neno. Wenye drupeleti za haki ni matunda ya jamii ya rasiberi, ambako ua moja tu linazaa vitunda vyote vile.

Hapo hapo Lushoto mnalima stroberi. Vile vidoa vya nje mnavyoviita mbegu, kila kimoja ni tunda kavu lenye mbegu yake ndani. Sehemu nyekundu ni kitako cha ua kilichonenepa.

Halafu msimcheke mama. Punje ya hindi kitaalamu ni tunda, ganda la tunda limegandana na ganda la mbegu hata huwezi kuyatenganisha. Aliyeita vipunje hakuwa mbali.

Baharia Mstaarabu

Na tini je? Maana yale yanayopasuka chini ya meno ni mengi balaa.

Mwalimu Mstaafu, Moro

Vitunda hivyo pia. Maua ya tini yamefichwa ndani, na kuyu zetu za porini ni vivyo hivyo. Nyigu wadogo sana huingia kwa kitundu (Kijiti, hicho sasa ndicho kitundu) kupeleka chavua.

Baharia Mstaarabu

Basi daktari aliniambia nile matunda mawili kwa siku. Kwa tini moja nimemaliza ya mwaka.

Shangazi wa Soni

Shikamoo Mwalimu. Nimemsomea binti, akanuna kidogo aliposikia daftari limeazima, kisha akaandika upya kwa penseli. Karatasi yangu itasema hivi: "Forosadi moja ni kishada cha vipunje, na kila kipunje ni tunda." Vitunda vya kokwa nimeviacha, chupa yenyewe ni ya robo lita, maneno hayatoshi. Binti anataka nitoe na vikonyo vyote kabla ya kupika. Mimi huwa naviacha, vinalainika kwenye sukari. Hilo bado tunagombana.

Chupa yako ipo, Mwalimu. Nauli ya basi hadi Moro ni juu yako.