Naomba ushauri: sertralini (dawa ya wasiwasi) wiki ya 3, wasiwasi bado uko palepale
Ndugu wanachama, wakubwa shikamooni. Dada yangu, ninayeishi naye hapa Ujiji, Kigoma, ana ugonjwa wa wasiwasi, na baada ya miezi minne ya kumeza diazepamu, iliyompa usingizi lakini ikamzoesha, daktari amemwanzishia sertralini miligramu 50. Kichefuchefu kimepungua, wasiwasi haujapungua, ingawa tumeelezwa kuwa dawa hiyo huhitaji wiki kadhaa. (Nimesoma pia kuhusu dawa ya wasiwasi ya majaribio itokanayo na LSD, kilevi kinacholeta maono, ambayo mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa kipaumbele cha kuharakishiwa utafiti na ukaguzi, lakini hiyo kwetu bado ni habari tu.) Je, waliotumia sertralini walianza kupata nafuu wiki ya ngapi? Na walioacha diazepamu kidogo kidogo, wakisimamiwa na daktari, walichukua muda gani?